Tuta la Abu Sanad

Haki ya Mungu, haki ya mkate na chumvi, haki ya magoti yangu haya yanayolia kila nikipanda ngazi za mji wetu wa Salt, huku Jordan: haya ninayoyasimulia ni kweli tupu. Sijatia maji, sijatia sukari. Wako watu katika mji huu watakaowaambia kwamba mimi huongeza. Waacheni. Mtu aliyestaafu ana kazi gani tena, kama si kukumbuka vizuri kuliko wenzake? Mambo haya yalipotokea nilikuwepo. Na pale ambapo sikuwepo, nilikuwa karibu.

Basi ilikuwa ni wiki zile ambazo milozi inachanua mabondeni na ukungu wa asubuhi unapanda hadi kwenye madirisha, ukasimama hapo kama mgeni anayeona haya kubisha hodi. Hadil, binti wa Abu Sanad muuza spea, alikuwa amekaa dirishani na kikombe cha chai ya majani ya mramia kilichokwisha kupoa. Hakuwa akitazama milozi. Alikuwa akitazama tuta.

Lilikuwa tuta la saruji, limelala barabarani mbele ya mlango wao kama kondoo aliyeshiba. Wenyewe mnajua jinsi mitaa yetu ilivyo na matuta. Kila mwenye mlango na mfuko wa saruji hujijengea lake. Lakini la Abu Sanad halikujengwa kwa ajili ya watoto wanaovuka. Lilijengwa kwa ajili ya mtu mmoja, na gari moja.

Mtu huyo alikuwa Rakan.

Rakan alikuwa mpimaji katika duka la miwani karibu na soko la zamani. Hadil aliingia humo siku moja ya kiangazi akilalamika kwamba macho yanamsumbua. Rakan akamketisha, akamvalisha fremu ya kupimia, akaanza kubadilisha vioo kimoja baada ya kingine.

"Kipi kinaonyesha vizuri, hiki au hiki?"

Hadil aliziona herufi zote, tangu ile kubwa ya juu hadi jina la kiwanda lililochapwa chini kabisa kwa maandishi ya sisimizi. Lakini yule kijana alikuwa na mikono mitulivu, na kila alipobadilisha kioo aliinama kidogo na kushika pumzi, kama mtu anayepita na mshumaa mahali penye upepo.

"Sijui," Hadil akasema. "Hebu jaribu tena."

Wakajaribu tena, mpaka muadhini akaadhini magharibi. Mwishowe Rakan akaweka vioo chini.

"Dada yangu, macho yako ni mazima kuliko yangu."

"Mbona basi yananisumbua?"

"Tangu lini?"

"Tangu nilipoingia humu."

Alitoka na miwani ambayo hakuihitaji, na tangu siku hiyo skrubu zake zikawa zinalegea kila wiki. Sijui kwa nini. Miwani mingine huumbwa hivyo.

Mambo yangekwenda vizuri, tatizo likawa gari. Rakan alikuwa na gari jekundu la milango miwili, la Kijapani, gari la vijana, lenye injini nyepesi inayopenda kupanda milima. Alilinunua kuukuu, akalipenda kama watu wanavyompenda farasi. Na kwa kuwa hakuwa na fedha za kulishusha kwa njia ya heshima, alifanya wanavyofanya maskini wenye haraka: alichukua msumeno wa umeme akakata springi. Mizunguko miwili kila gurudumu. Gari likainama mpaka tumbo likawa linabusu lami. Likapendeza, siwezi kusema uongo. Lakini kulipanda ilikuwa kama kupanda mbuzi anayeshuka ngazi.

Siku moja, kwa wema wake, akampa lifti Hajja Wadha, mama mzazi wa Abu Sanad, kutoka zahanati. Ajuza wa watu, kiuno kibovu. Walipofika, meno yake ya bandia yalikuwa yameruka yakatua ndani ya mfuko wa nyanya, na yeye mwenyewe akalala kitandani siku tatu.

Abu Sanad hakugomba. Alichanganya saruji. Na Ijumaa iliyofuata, mlangoni mwa msikiti, mbele ya wanaume wote, Rakan alipomkaribia amweleze nia yake ya kumposa Hadil, akamkata kauli.

"Unataka kuja kwangu kuzungumza? Vuka tuta langu, mama yangu akiwa kiti cha nyuma. Akivuka bila kusema 'ah', njoo tuzungumze. Akisema, usinisalimie tena."

Wanaume wakacheka. Rakan hakucheka. Dirishani, Hadil aliyeletewa habari hizo kabla baba yake hajafika nyumbani, alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

*

Alhamisi adhuhuri, Abu Sanad alikuwa na desturi ya kwenda kuswali, kisha kula, kisha kufumba jicho kidogo. Saa hizo Hadil ndiye aliyekaa dukani, kule kwenye eneo la magereji, katikati ya milango ya magari iliyosimamishwa kama vitabu na harufu ya oili ya zamani. Amekulia humo. Msichana mwingine hutambua vitambaa kwa kugusa. Yeye alitambua springi.

Rakan aliingia akiwa amechana nywele kwa maji.

"Salaam aleikum," akaiambia rafu ya taa za nyuma.

"Waaleikum salaam. Karibu, kaka."

"Kaka?" Akageuka. "Leo nimekuwa kaka?"

"Pale mlangoni kuna jirani anakunywa chai," Hadil akanong'ona. "Masikio yake ni marefu kuliko barabara ya Amman. Kwa hiyo ndiyo, kaka."

Jirani huyo msiniulize ni nani.

Rakan akaisogelea kaunta. Ukungu ulikuwa umeondoka, jua likapenya kwenye tundu la bati na kumwangukia Hadil shavuni, duara moja dogo kama sarafu. Rakan akalitazama. Akasahau kilichomleta. Hadil naye akaona anavyotazamwa, akashusha macho kwenye kopo la nati, akaanza kuzipanga nati zilizokwisha kupangwa.

"Umekuja kununua au kuhesabu vumbi?"

"Nataka shokapu. Zile za bluu, mpya, zenye uzi wa kuzungusha. Unapandisha unapotaka, unashusha unapotaka. Siku ya tuta napandisha, kesho yake nashusha."

"Hizo hatuna. Huagizwa. Umesikia zinauzwaje?"

Rakan akakuna kisogo. "Kama... kitanda, kabati, na nusu ya zulia."

"Kitanda cha nani?"

Mlangoni jirani alipuliza chai yake, ingawa ilikuwa imekwisha.

"Chetu," Rakan akasema, kwa sauti ndogo.

Neno hilo moja lilimpita Hadil mwilini kama upepo wa bondeni unavyopita kwenye mlozi. Yote aliyokuwa akiyaota dirishani, chumba chenye pazia jeupe, birika mbili, kubwa na ndogo, sauti ya mtu akivua viatu mlangoni, yaliingia dukani yakasimama katikati ya mabampa. Alitamani kubaki humo. Lakini alikuwa binti wa muuza spea.

"Kwa hiyo mimi nikae sakafuni, lakini gari liwe na miguu ya bluu."

"Hadil, sikiliza..."

"Sikiliza wewe. Nunua springi nzima. Si zako hizo ulizozichinja. Tumevunja gari ndugu wa lako, la milango mitano, limegongwa ubavuni tu. Springi zake ni imara kidogo kuliko za asili za gari lako, na shokapu zake bado nzima. Funga hizo. Bushi za mpira ndizo ununue mpya, maana mpira wa mtumba ni rahisi ghali. Kapimishe magurudumu yakae sawa. Kitanda kinabaki. Zulia tutatandika baadaye."

Rakan akakunja uso. "Nikifunga springi nzima gari litasimama kama ngamia."

"Ngamia amevuka jangwa. Wewe tuta limekushinda."

"Vijana watanicheka mtaa mzima!"

"Na baba akikukataa, watakulilia?"

"Unaona rahisi!" Sauti ya Rakan ilipanda, kisha akakumbuka mlango, akaishusha, ikatoka nzito. "Hujui, Hadil. Mimi ukoo wangu si mkubwa. Mshahara wangu ukiuweka mezani hauonekani. Nimezaliwa, nimesoma, nimefanya kazi, hakuna aliyegeuza shingo. Nikipita na gari lile likiwa chini, watu hugeuka. Ndicho kitu pekee changu kinachoonekana. Nawe unataka nikifanye kama gari la mwalimu wa hesabu."

Hadil alitoka nyuma ya kaunta, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akasimama hatua chache tu kutoka kwake.

"Mara ya kwanza mimi kugeuka," akasema polepole, "ulikuwa umekaa kwenye kigoda unafuta kioo kwa pindo la shati. Ulikuwa unakipumulia, unakifuta, unakitazama kwenye mwanga. Nilisimama nje ya duka nikitazama hadi mwenye duka la viatu akaniuliza kama nimepotea. Hapakuwa na gari, Rakan. Sikujua hata kama unalo."

Rakan alitazama viatu vyake, kisha akatazama juu, na macho yao yakakutana yakakaa. Nje mtu alikuwa akigonga chuma, na kila pigo lilisikika kama linatoka mji mwingine.

"Niletee hizo za ngamia," Rakan akasema.

Hadil akacheka kwa mara ya kwanza siku ile. Akatoa shokapu kutoka kwenye rundo, akaisimamisha sakafuni, akaikandamiza kwa viganja vyote viwili.

"Tazama inavyorudi. Polepole, bila kusita. Ikirudi kwa pupa, imekufa. Isiporudi, imekufa pia. Na pembeni hakuna oili inayotoka jasho, unaona? Jaribu."

Rakan akakandamiza. Viganja vyake vilikaa pale vilipokuwa vya Hadil, chuma bado kina joto la mikono ya msichana.

"Naona," akasema, wala hakuwa akiitazama shokapu.

"Kandamiza ya pili. Huwezi kubadilisha moja ukaacha mwenzake. Zitakwenda kila moja na mwendo wake."

"Hilo nimelielewa," Rakan akasema. "Zinakwenda mbili mbili."

Hadil hakumpunguzia bei hata kidogo, maana alijua siku ya kuulizwa itafika na alitaka aweze kuapa. Rakan alipoondoka na mzigo wake, haukupita muda Abu Sanad akarudi akipiga miayo.

"Nani alikuja?"

"Mteja, baba."

"Kanunua nini?"

"Springi nzima, nne, na shokapu zake. Anatoa zilizokatwa."

Abu Sanad akainua mikono mbinguni. "Alhamdulillahi! Bado wako watu wenye akili katika nchi hii. Mungu amjalie."

"Amina," Hadil akasema, kwa moyo wake wote.

*

Alasiri ile ile simu ikalia chini ya mto wa Hadil. Rakan alikuwa kwenye ua wa shemeji yake, mgongo juu ya katoni, uso umejaa masizi.

"Nimemaliza. Nimekaza kila kitu mpaka mkono umekufa ganzi. Lakini nikilisukuma linalia kama mlango wa ghala."

"Ulikaza magurudumu yakiwa yananing'inia?"

"Si liko juu ya jeki? Yangekuwa wapi?"

"Ah, Rakan! Legeza bolti zote za bushi. Lishushe gari chini, lisimame kwa uzito wake, ndipo ukaze. Mpira ukikazwa ukiwa unaning'inia unajifunga mahali si pake. Likisimama chini, mpira unajinyonga, unalia, mwisho unapasuka."

Ilisikika pumzi yake, na kwa mbali kuku wa shemeji.

"Hadil."

"Naam."

"Na sisi je? Si tumejikaza tukiwa tunaning'inia?"

Alifumba macho. Dirishani jua lilikuwa linashuka juu ya mawe ya manjano ya nyumba za mlima wa pili, na mji mzima ulikuwa na rangi ya asali.

"Ndiyo maana nataka ushuke," akajibu. "Uje usimame mbele ya baba."

*

Ijumaa, baada ya swala, Rakan alimsogelea Abu Sanad mlangoni mwa msikiti.

"Ami, ulisema neno hapa mbele ya watu. Nimekuja kulitimiza."

Abu Sanad alimtazama kuanzia kichwani hadi viatuni. Neno lililosemwa mbele ya wanaume halirudi mdomoni. "Haya," akasema. "Lakini bila mto. Hajja atakaa hivi hivi."

Hajja Wadha alikuwa tayari zamani. Alivaa nguo yake nyeusi yenye tarizi, akajipaka wanja, akaingizwa kiti cha nyuma kwa kukunjwa kile cha mbele. Magari ya milango miwili ndivyo yalivyo: kuingia ni shughuli, kutoka ni mtihani.

Hadil alikuwa dirishani. Mtaa mzima ulikuwa umetoka. Wenye baraza walikaa barazani, wasio nazo walipanda mapaa. Kisha akaliona. Lilitokea kwenye kona ya chini, jekundu, limesimama wima kwa miguu yake, si la kujionyesha tena, na ukungu mwembamba, uliokawia kuondoka siku hiyo, ukiteleza kwenye boneti. Petali za mlozi zilikuwa zikianguka. Lilipanda taratibu kama kitu kinachokuja kutoka usingizini, na Hadil akajikuta ameshika kingo za dirisha kama ndiye anayeendesha.

Likafika kwenye tuta.

Pua ikainuka. Pua ikashuka. Nyuma ikainuka, ikashuka, ikatulia. Mara moja tu. Haikuruka mara ya pili, haikuyumba, tumbo halikugusa. Mtaa mzima ulitega masikio, na ndani ya gari hapakusikika "ah".

Rakan akasimamisha gari. Hajja Wadha alikuwa ameinamisha kichwa begani, macho yamefumba.

"Mama?" Abu Sanad akaita. Kisha rangi ikamtoka. "Mama! Yallah, mama!"

Akachungulia dirishani. Na hapo, naapa, mtaa mzima ulisikia: Hajja Wadha alikuwa anakoroma.

Akafumbua jicho moja. "Mbona mmesimama? Nilikuwa nimepata usingizi. Zungusha tena, mwanangu."

Kicheko kilichotoka kingeweza kuangusha petali zilizosalia. Lakini Abu Sanad hakucheka. Alivuta kipande cha katoni, akajilaza chini, akaingiza kichwa uvunguni mwa gari. Alipotoka uso wake ulikuwa mwekundu, maana kwenye springi aliiona alama ya rangi ya manjano anayoipaka kila kitu kinachotoka dukani kwake.

"Hadil!" akanguruma kuelekea dirishani. "Nani aliuza hizi?"

"Mimi, baba. Kwa bei kamili. Ukasema alhamdulillahi, ukamwombea dua."

Mtaa ukacheka tena, safari hii hadi wengine wakakaa chini. Abu Sanad akapangusa mikono. Aliposema, alisema taratibu, na vicheko vikafa kimoja kimoja.

"Mnadhani nachukia gari. Sichukii gari. Mimi ndiye ninayeyanunua magari ya vijana yakishakwisha. Naletewa yamejikunja, na mengi nikiyafungua nakuta springi zimekatwa. Natoa vitu ndani yake. Kandambili. Tasbihi. Chupa ya mtoto, maziwa bado yamo. Kwa vitu hivyo najua nani alikuwa amekaa wapi." Akamgeukia Rakan. "Sitaki siku moja niletewe gari jekundu, nifungue mlango, nikute miwani ya binti yangu."

Rakan alikuwa amesimama kando ya mlango, mikono imeanguka ubavuni.

"Ami, nilizikata," akasema hatimaye. "Hakunilazimisha mtu. Nilitaka watu wanione. Sasa wasipogeuka si neno. Nataka niliyembeba afike."

Abu Sanad aliikunja ile katoni. "Nimesikia. Nitafikiri, inshallah. Mama, shuka."

Na hapo moyo wa Hadil ukazama, maana "nitafikiri" ya baba yake ilishawahi kuchukua miaka mitano kwa ajili ya bomba la maji.

"Sishuki," Hajja Wadha akasema kutoka kiti cha nyuma.

"Mama, usinivunjie heshima."

"Hadil! Niletee kahawa huku."

Hadil akashuka ngazi mbio, kikombe kidogo cha kahawa ya iliki mkononi, akasimama mbele ya dirisha la gari. Rakan alikuwa upande wa pili wa paa jekundu. Hawakusemezana. Lakini Hadil alimtazama juu ya lile paa, na hakushusha macho, na kwa mara ya kwanza hakujali nani anaona.

Hajja Wadha alipokea kikombe. Hakukipeleka mdomoni. Alikiweka juu ya kiti kando yake, akakunja mikono.

Mtaa wote ulishika pumzi. Hakuna mtu kwetu asiyejua maana yake. Wazee wa jaha wakienda kuposa, mkuu wao huwekewa kahawa, naye huiacha hapo bila kuigusa mpaka mwenye nyumba akubali. Kahawa isiyonywewa ni ombi. Kumwacha mgeni aondoke bila kuinywa ni aibu ya ukoo.

"Mama! Wewe ni wa upande wetu!"

"Nimehama. Nimekaa katika gari lao, basi mimi ndiye mkuu wa jaha yao."

"Jaha huja na wanaume arobaini!"

"Hao arobaini wote, mimi peke yangu nimewazidi umri. Abu Sanad, tumekujia kwa kheri. Tunamwomba binti yako Hadil kwa kijana wetu Rakan, kwa sunna ya Mungu na Mtume wake. Na kahawa yenu siigusi."

Abu Sanad alimtazama mama yake. Akamtazama Rakan. Mwisho akamtazama binti yake, aliyesimama katikati ya petali na miwani imemteleza puani, na sijui aliona nini, ila alipumua kama mtu anayeutua mzigo aliouzoea.

Hakuna aliyesogea. Mvuke wa kikombe ulipungua, ukawa uzi, ukapotea.

"Mama," Abu Sanad akasema. "Kunywa kahawa yako. Imepoa."

Vigelegele vikatoka mapaa yote kwa pamoja. Hadil hakuvisikia. Alisikia tu Hajja Wadha akifyonza kahawa baridi kwa raha, na upande wa pili wa gari, Rakan akicheka na kulia kwa wakati mmoja.

*

Na hivyo ndivyo nilivyokuwa nikiwasimulia watu juzi kwenye foleni ya mkate, mbele ya tanuri, nao wametega masikio kama mbuzi waliosikia jani. Nilikuwa nimefika pale pa kukoroma, nikawakoromea kidogo waelewe, ndipo sauti ikatoka nyuma ya foleni.

"Nani alikoroma?"

Ilikuwa Hajja Wadha, na kapu lake.

"Hajja, Mungu akupe umri! Nilikuwa nasema jinsi ulivyolala..."

"Sikulala! Nani anaweza kulala juu ya tuta lile? Liliniingia kiunoni kama msumari. Niliuma shela yangu nisipige kelele, gari liliposimama ndipo nikafumba macho, na hiyo sauti mliyoisikia ilikuwa mimi navuta pumzi kwa pua. Kukoroma! Uliapa?"

"Niliapa," nikakiri, maana foleni nzima ilishanisikia.

"Lakini Hajja," akauliza mwoka mikate, koleo mkononi, "kama uliumia, kwa nini hukusema 'ah'? Ndilo lilikuwa sharti."

Hajja Wadha akarekebisha kapu begani. Uso wake ukalainika.

"Nilikuwa natazama kile kioo cha dereva. Watu wote mtaani walikuwa wanatazama tuta. Mtoto yule hakutazama tuta, wala hakutazama dirisha la mjukuu wangu. Alikuwa ananitazama mimi usoni, aone kama ninaumia. Kabla ya tuta, juu ya tuta, baada ya tuta. Marehemu mume wangu aliniendesha miaka thelathini na hakunitazama mara moja. Ningesema 'ah' kwa ajili ya kiuno?"

Mwoka mikate aliteremsha koleo.

"Sasa wewe mwapaji," akanigeukia, "lipa."

"Nilipe nini, Hajja?"

"Mkate. Wa kila mtu uliyemdanganya."

Nikatoa mfuko wangu. Nikalipia foleni nzima, hadi yule bwana wa mwisho kabisa mwenye watoto tisa, ambaye wallahi alikuwa amefika wakati huo huo na hakusikia hata neno moja.